Matrekta ya Zamani: Jinsi ya Kuyatunza Kabla ya Mvua ya Masika

Mwezi wa Machi unapokaribia, wakulima wa Kieni huanza kuyatazama mawingu ya upande wa Mlima Kenya na kuulizana ni nani atakayewalimia. Mara nyingi trekta linalofika shambani si jipya. Ni Massey Ferguson 135 ambalo rangi yake nyekundu imepauka, au Ford 5000 ya buluu ambayo saa yake ya dashibodi iliacha kufanya kazi zamani. Mengi ya matrekta haya yana umri wa miaka 50 au zaidi, na bado ndiyo yanayolima viazi, ngano, mahindi na kabeji kuanzia Mweiga na Endarasha hadi Naro Moru, Nanyuki na Timau.

Kieni iko kati ya Mlima Kenya na safu za Aberdare, mahali ambapo milima huizuia mvua. Masika ya huku ni mafupi na hayatabiriki. Mkulima anayepanda wiki mbili baada ya mvua kuanza anaweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno, hata kama mbegu na mbolea yake ni bora. Kwa hiyo trekta moja likiharibika Machi, hasara si ya mwenyewe tu. Ni ya majirani wote waliokuwa kwenye foleni wakisubiri zamu yao.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwenye trekta la zamani anapaswa kuyafanya wakati wa kiangazi, mambo ambayo dereva anapaswa kuyaangalia kila asubuhi, na hatari ambazo zimewaua watu wengi duniani kwa sababu tu hazikujulikana.

YALIKOTOKA NA KWA NINI YANADUMU

Wakati wa ukoloni, walowezi walikuwa na mashamba makubwa katika nyanda za Nyeri, Nanyuki na Timau. Baada ya Uhuru mwaka 1963, mengi ya mashamba hayo yaligawanywa katika skimu za makazi au yakanunuliwa na vyama na kampuni za wananchi. Baadhi ya mashine zilibaki na kuendelea kufanya kazi kwa wamiliki wapya. Nyingine zilinunuliwa baadaye na familia zilizouza maziwa, pareto au kahawa.

Trekta dogo la Ferguson TE20, ambalo wazee wengi bado wanalikumbuka, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956. Zaidi ya 500,000 yalitoka kiwandani. Umaarufu wake ulitokana na mfumo wa Harry Ferguson wa kuunganisha plau kwa mikono mitatu inayoinuliwa na haidroliki. Mfumo huo ndio unaotumika hata katika matrekta mapya ya leo.

Massey Ferguson 135 lilifuata mwaka 1964 na kutengenezwa hadi 1975. Toleo lake la dizeli linalojulikana zaidi lina injini ya Perkins ya silinda 3, yenye ukubwa wa lita 2.5 na nguvu za farasi zipatazo 45. Ford 5000, lenye silinda 4, lilitengenezwa Basildon, Uingereza, katika kipindi hicho hicho.

Injini hizi hazina kompyuta wala sensa. Fundi mwenye spana, bisibisi na uzoefu anaweza kuifungua injini chini ya mti na kuirudisha. Jambo la pili ni spea. Matrekta yaliyofuata muundo wa Massey Ferguson 135, kama vile 240, yaliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi katika nchi kama Pakistan. Ndiyo maana pistoni, ringi, gaskiti na filta zake bado zinapatikana katika maduka ya spea ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, na katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi.

KABLA YA KUNUNUA

Rangi mpya haimaanishi injini mpya. Anayenunua trekta la zamani anashauriwa kufika asubuhi, kabla halijawashwa, na kuandamana na fundi anayemwamini. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha magonjwa mengi. Mambo ya kuangalia ni haya:

• Ashike injini kwa mkono kwanza ili ahakikishe kweli ni baridi, kisha iwashwe mbele yake.

• Afungue kifuniko cha radieta kabla ya kuwasha. Maji yenye utando wa oili yanaweza kuwa ishara ya gaskiti iliyoungua au kichwa cha injini kilichopasuka.

• Injini ikiwa inanguruma, aangalie bomba la kupumulia la injini. Likitoa moshi mzito kwa msukumo, ringi na silinda zimechoka.

• Haidroliki iinue plau, kisha injini izimwe. Mikono ikishuka haraka, sili au valvu zinavuja.

• Ajaribu kila gia trekta likiwa na mzigo. Gia inayojitoa yenyewe ni gharama kubwa inayosubiri.

• Atikise magurudumu ya mbele na pini ya katikati ya ekseli ya mbele, kisha azungushe usukani aone umelegea kiasi gani.

• Alinganishe namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizo kwenye logibuku.

Trekta ambalo injini yake ilibadilishwa bila mabadiliko hayo kuandikishwa huleta shida wakati wa kuhamisha umiliki. Mnunuzi afanye upekuzi wa rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, kupitia eCitizen kabla ya kutoa hata shilingi moja. Risiti ya mkono na ahadi ya "logibuku iko kwa mzee" hazitoshi.

UKAGUZI WA KILA ASUBUHI

Dakika 10 za asubuhi huokoa siku nzima ya kazi. Dereva aanze na vitu vitatu: oili, maji na hewa.

Oili ya injini ipimwe trekta likiwa limesimama mahali tambarare. Massey Ferguson 135 hubeba takriban lita 7. Vitabu vingi vya matrekta haya vinaelekeza oili na filta zibadilishwe baada ya saa 200 hadi 250 za kazi. Kwa kuwa mita za saa za matrekta mengi ya zamani hazifanyi kazi, mwenye trekta aweke daftari na kuandika saa zilizofanyiwa kazi kila siku. Pasipo daftari, oili hubadilishwa kwa kukisia, na kwa kawaida kukisia huchelewa.

Maji ya radieta yasiwe ya mtoni. Maji hayo huacha chumvi na tope ndani ya injini, na kutu hufuata. Ni bora kutumia maji safi yaliyochanganywa na kuleti. Kifuniko cha radieta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto.

Filta ya hewa ndiyo inayosahaulika zaidi, ilhali vumbi la Kieni wakati wa kiangazi ndilo adui mkubwa wa injini. Matrekta mengi ya zamani hutumia filta yenye bakuli la oili. Hewa hupita juu ya oili na kuacha vumbi humo. Wakati wa kulima au kupiga haro kwenye udongo mkavu, bakuli hilo likaguliwe kila siku. Oili ikiwa nzito kama uji, imwagwe, bakuli lioshwe na oili mpya iwekwe hadi kwenye alama, isizidi. Vumbi likipenya, hula ringi na silinda kama msasa, na injini iliyokuwa imebakiza miaka 10 inaweza kuisha kwa msimu mmoja.

DIZELI SAFI

Katika matrekta mengi ya aina hii, injekta pampu haina oili yake yenyewe. Hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Kwa hiyo anayechanganya dizeli na mafuta ya taa ili kupunguza gharama, au anayenunua mafuta yaliyochanganywa kutoka kwa wachuuzi wa mitungi kando ya barabara, huinyima pampu ulainishaji. Pesa anazookoa kwa lita chache hurudi kwa fundi wa pampu, pamoja na riba.

Maji pia ni hatari. Usiku wa baridi, tangi lenye nafasi kubwa ya hewa hutengeneza umande ndani. Tangi lijazwe jioni baada ya kazi, si asubuhi. Maji yaliyotuama chini ya filta yatolewe mara kwa mara.

TREKTA LIKISHIKA HEWA

Dizeli ikiisha shambani, au filta ikibadilishwa, hewa huingia kwenye mabomba na injini hukataa kuwaka. Madereva wengi hupiga stata hadi betri ife. Utaratibu sahihi kwa injini nyingi za Perkins za silinda 3 ni huu:

1. Jaza dizeli, fungua koki ya tangi na ufute uchafu ulio nje ya filta na pampu.

2. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta. Sukuma mkono mdogo wa pampu ya kuvutia mafuta, ulio ubavuni mwa injini, hadi dizeli itoke bila mapovu. Kaza skrubu. Mkono ukikosa nguvu, zungusha injini mzunguko mmoja, kisha ujaribu tena.

3. Rudia hivyo hivyo kwenye skrubu za injekta pampu: ya ubavuni kwanza, kisha ya juu.

4. Legeza nati za mabomba mawili yanayoingia kwenye noseli. Weka mkono wa mafuta kwenye kasi ya juu na upige stata kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka dizeli iruke. Kaza nati na uwashe.

Onyo: mtu asiweke mkono wala kidole karibu na noseli au bomba linalovuja injini ikizunguka. Dizeli hutoka kwa msukumo unaoweza kutoboa ngozi. Kidonda huonekana kidogo, lakini mafuta yaliyoingia mwilini yanaweza kumfanya mtu akatwe kidole au mkono. Aliyejeruhiwa hivyo apelekwe hospitalini mara moja na amweleze daktari kwamba ni dizeli iliyoingia kwa msukumo.

MOSHI UNASEMA NINI

Moshi mweusi huonyesha kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa. Sababu huwa ni filta ya hewa iliyoziba, noseli mbovu au mzigo uliozidi. Moshi wa buluu huonyesha kwamba injini inakula oili. Moshi mweupe wakati wa kuwasha asubuhi ni wa kawaida, lakini usipoisha injini ikishapata moto, huenda noseli ni mbovu, msukumo wa silinda umepungua au maji yanaingia ndani.

Hapa kwetu mlimani kuna jambo la ziada. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki karibu mita 1,950, na mashamba ya Timau yako juu zaidi. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na injini isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Ukifika mita 2,000, karibu moja kwa tano ya nguvu imekwenda. Trekta la nguvu za farasi 45 hubaki na kama 36.

Kwa sababu hiyo, mwenye trekta asikubali fundi afungue pampu na kuongeza mafuta "ili lipate nguvu". Hewa ya kuunguza dizeli hiyo ya ziada haipo. Atakachopata ni moshi mweusi, injini yenye joto jingi na gharama ya mafuta. Dawa ni kupunguza mzigo: plau ya diski 2 badala ya 3, na gia ya chini.

Asubuhi za baridi za Juni hadi Agosti, madereva wengine hupuliza etha kwenye bomba la hewa ili injini iwake. Injini nyingi za Perkins zina kifaa cha kupasha hewa moto kabla ya kuwasha. Etha ikikutana na moto huo inaweza kulipuka. Ni heri kukitengeneza kifaa hicho na kuwa na betri nzuri.

HAIDROLIKI NA KLACHI

Katika Massey Ferguson 135, oili ya gia za nyuma na ya haidroliki ni moja, takriban lita 30. Maji ya mvua yakipenya kwenye mpira wa gia uliochanika, oili yote hugeuka rangi ya maziwa na pampu ya haidroliki huanza kuharibika. Mpira huo ni wa bei ndogo sana ukilinganishwa na pampu. Trekta lisilo na banda lifunikwe angalau sehemu ya gia na bomba la moshi.

Matrekta mengi ya aina hii yana klachi ya hatua mbili: nusu ya kwanza husimamisha magurudumu, na kukanyaga hadi mwisho husimamisha PTO. Dereva anayeendesha huku mguu ukipumzika juu ya pedali huimaliza klachi, na kuibadilisha kunahitaji trekta kukatwa katikati.

USALAMA NI MAISHA

Matrekta ya zamani mengi hayana fremu ya kumkinga dereva likipinduka. Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza kulazimisha kinga hiyo kwa matrekta mapya, mwaka 1959, na Uingereza ikafuata mwaka 1970. Vifo vilipungua sana. Mwenye trekta lisilo na fremu anaweza kumtafuta fundi chuma mwenye ujuzi amwekee fremu imara pamoja na mkanda. Fremu ikiwekwa, mkanda ufungwe.

Katika miteremko ya Othaya, Tetu, Mukurweini na Mathira, ambako trekta hutumika zaidi kubeba majani chai, kahawa, mbao na mawe, sheria hizi zifuatwe:

• Mzigo uvutwe kwa kifungio cha chini pekee. Mnyororo ukifungwa kwenye ekseli au juu yake, trekta linaweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva kwa muda wa sekunde moja na nusu. Hakuna awezaye kuruka kwa wakati huo.

• Trekta lisiteremke likiwa nyutro. Dereva achague gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka.

• Pedali mbili za breki zifungwe pamoja barabarani. Ikikanyagwa moja kwa kasi, trekta hugeuka ghafla.

• Stata isiunganishwe kwa bisibisi mtu akiwa amesimama chini. Massey Ferguson 135 liliundwa lisiwake mpaka gia ya juu na chini iwe katikati. Bisibisi huruka kinga hiyo, na trekta lililo kwenye gia humkanyaga aliyeliwasha.

• Trekta lisiegeshwe kwenye mteremko usiku ili liwashwe kwa kuteremshwa asubuhi. Breki za zamani huachia, na watoto hucheza hapo.

• Shafti ya PTO iwe na kifuniko. Katika mwendo wake wa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Ncha ya koti, leso au shuka ikishikwa, mtu huvutwa kabla hajapiga kelele.

• Abiria wasipande juu ya matairi wala kwenye plau. Trekta lina kiti kimoja.

STAKABADHI NA HESABU

Trekta linalopita barabarani linahitaji kuwa limesajiliwa na kuwa na bima ya mtu wa tatu kwa mujibu wa sheria. Dereva naye awe na leseni ya daraja linaloruhusu mashine za kilimo. Treila iwe na viakisi mwanga nyuma. Trekta lisilo na taa lisiwe barabarani jioni, hasa kwenye barabara kuu ya Karatina, Nyeri na Nanyuki.

Wenye kulimia wengine kwa malipo wanashauriwa kutenga fedha za matengenezo kwa kila ekari. Kwa mfano, anayetenga shilingi 300 kwa ekari na kulima ekari 150 kwa mwaka atakuwa na shilingi 45,000 za oili, filta, noseli na matairi. Asiyetenga hukopa Machi, wakati kila fundi ana kazi na kila mteja ana haraka. Hesabu hiyo pia humwonyesha mtu ni lini trekta limeanza kula zaidi ya linacholeta, na huo ndio wakati wa kuliuza au kuifungua injini yote, si kuendelea kubandika kiraka juu ya kiraka.

OILI ILIYOTUMIKA

Oili iliyotolewa isimwagwe kwenye mtaro au kando ya mto. Maji ya Chania, Gura na Sagana huelekea Mto Tana, na ya Naro Moru huenda Ewaso Ng'iro, ambako binadamu na mifugo huyanywa. Oili iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaoikusanya.

KALENDA NA MSAADA

Matengenezo makubwa yafanywe Januari na mapema Februari, kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Wakati huo mafundi wana nafasi, na spea inayokosekana inaweza kuagizwa bila msimu kupita.

Wakulima wanaotaka ushauri kuhusu mashine, kina cha kulima au hifadhi ya udongo kwenye miteremko wanahimizwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao, au kutembelea Kituo cha Mafunzo ya Kilimo cha Wambugu, Nyeri. Vikundi vya wakulima vinaweza kuomba mafunzo ya pamoja kwa madereva wao. Inafaa maombi hayo yafikishwe kiangazi kingali kinaendelea, kwa kuwa mvua ikishaanza, dereva na mwalimu wote watakuwa shambani.